Kilichokosekana Nacho Ni Ugonjwa

Katika insha hii nataka kubishana na sentensi moja: "Hakuna mabadiliko ya jeni yaliyoonekana." Ni sentensi fupi, ina sarufi safi, na mwalimu yeyote wa Kiswahili angeipa alama zote. Hata hivyo nasema ni sentensi ya hatari, na nasema hivyo kwa kuwa niliiandika mwenyewe.

Shangazi yangu anaishi Gitaza, katika tarafa ya Muhuta, pale ambapo barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge imebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Binti yake mkubwa alitoka ukimbizini akapelekwa kuishi ng'ambo. Huko, akiwa na miaka 28, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe uliokuwa kwenye tezi iliyo juu ya figo. Kwa miaka mingi alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya kichwa, jasho la ghafla na moyo kwenda mbio. Sisi nyumbani tulisema ni hofu ya vita iliyomganda. Baada ya upasuaji madaktari walipima damu yake ili wajue kama uvimbe ule ni wa kurithi. Majibu yalikuja kwa barua ya Kiingereza, kurasa mbili. Akaipiga picha, akamtumia mama yake kwa WhatsApp, na mama yake akanipigia mimi, kwa sababu ndimi ninayehesabiwa kuwa msomi wa lugha katika ukoo.

Niliitafsiri usiku ule ule. Ukurasa wa kwanza haukunisumbua. Katika ukurasa wa pili, chini kabisa, kulikuwa na aya ya herufi ndogo iliyosema kwamba kipimo kile hakina uwezo wa kuona vipande vikubwa vya jeni vilivyopotea au vilivyojirudia, na kwamba kipimo kingine kifikiriwe. Sikuwa na maneno ya kuieleza aya ile. Nikaona ni maelezo ya kimaabara tu, nikairuka. Shangazi akasikia kutoka kwangu: "Hakuna mabadiliko ya jeni yaliyoonekana." Akashukuru Mungu. Akawaambia kaka zake, wadogo zake na watoto wake wengine kwamba damu yetu ni safi na mtu asihangaike.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye dada yangu huyo alifanyiwa kipimo cha pili. Kumbe kipande cha jeni iitwayo SDHB hakipo katika nakala yake moja. Herufi hazikuwa na kosa lolote. Kipande chenyewe ndicho hakikuwepo, na hakikuwepo tangu siku alipotungwa mimba. Ameniruhusu nisimulie haya bila kumtaja jina.

Ndugu msomaji, naomba nieleweke. Sikuja kuungama. Nimekuja kushtaki namna tunavyofundishwa jenetiki, namna tunavyoitamka kwa Kiswahili, na namna tulivyokubaliana kimyakimya, wasomi na wasiosoma, kwamba magonjwa haya si yetu.

Kusoma si kuhesabu

Tuanze na jinsi kipimo kinavyoweza kupita juu ya shimo bila kutumbukia. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Zifikirie kama madaftari mawili yanayofanana. Katika daftari la baba, ukurasa wa tatu umechanwa. Karani anaambiwa alete ukurasa wa tatu ili ukaguliwe tahajia. Anakwenda kwenye mashine ya fotokopi na kutoa nakala mia. Zote zimetoka katika daftari la mama, kwa kuwa la baba halina cha kunakiliwa. Mkaguzi anazisoma herufi kwa herufi, haoni kosa, anaandika "sawa". Hakudanganya. Aliulizwa kuhusu tahajia, akajibu kuhusu tahajia.

Hivyo ndivyo usomaji wa kawaida wa DNA ulivyofanya kazi tangu Frederick Sanger alipotoa mbinu yake mwaka 1977. Kipande cha jeni hunakiliwa mara nyingi, kisha husomwa. Herufi moja ikigeuka, msomaji huiona, kwa sababu nakala mbili hutofautiana. Kipande kizima kikipotea, nakala nzima iliyobaki humfunika mwenzake.

Ili kuliona pengo lazima uache kusoma uanze kuhesabu. Karani wa pili haulizi ukurasa wa tatu una makosa gani. Anauliza kurasa za tatu ziko ngapi. Zikiwa mbili, ni sawa. Ikiwa moja, kuna kilichochanwa. Mwaka 2002 Jan Schouten na wenzake wa Amsterdam walitangaza mbinu iitwayo MLPA inayohesabu hivyo sehemu nyingi za jeni kwa mara moja, kwa kutumia mashine ya PCR na mashine ya kupima urefu wa vipande vya DNA. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa kwa njia ngumu na za polepole, lakini ilifanywa. Leo hata mashine mpya zinazosoma jeni nyingi kwa pamoja zinaweza kuhesabu, mradi aliyeziongoza ameamua kwamba kuhesabu ni sehemu ya kazi.

Je, jambo hili ni dogo? Chukua ugonjwa wa von Hippel-Lindau, unaobeba majina ya daktari wa macho wa Kijerumani na mwanapatholojia wa Kiswidi. Humletea mtu uvimbe wa mishipa ya damu kwenye jicho na ubongo, saratani ya figo, vifuko kwenye kongosho, na wakati mwingine uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo. Jeni yake, VHL, ilipatikana mwaka 1993 katika kromosomu ya 3. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, familia nyingi zilizokuwa na ugonjwa wa wazi kabisa ziliambiwa kwamba jeni yao haina tatizo. Mwaka 1998 Catherine Stolle na wenzake huko Marekani waliongeza vipimo vya kuhesabu juu ya vile vya kusoma, wakapata kasoro katika familia 93 kati ya 93. Familia zile hazikuwa na ugonjwa wa ajabu. Zilikuwa zimeulizwa swali pungufu.

Tafiti mbalimbali zimetoa makadirio tofauti ya familia za VHL ambazo kasoro yao ni pengo kubwa, kuanzia takribani familia moja kati ya kumi hadi zaidi ya moja kati ya tatu. Katika ugonjwa wa MEN1, unaoshambulia tezi ndogo za parathairoidi shingoni, kongosho, na tezi ya pituitari chini ya ubongo, mapengo ni machache zaidi, kama asilimia 1 hadi 4. Katika SDHB yapo pia, na mengine yamerithiwa na familia nyingi kutoka kwa babu mmoja wa zamani. Waholanzi wana pengo lao la eksoni ya 3. Wahispania wana lao la eksoni ya 1. Wao wanayajua kwa sababu waliyatafuta.

Nisizidishe. Si kila ugonjwa wa kurithi wa tezi hutokana na pengo. MEN2, unaoleta saratani ya tezi ya thairoidi, hutokana na jeni ya RET kuwaka bila kuzimika. Hapo huhitaji kutafuta kilichopotea, unatafuta kilichogeuka. Hizi nyingine ni jeni za breki. Alfred Knudson alieleza mantiki yake mwaka 1971: mtu huzaliwa na breki moja imekatika, na seli moja ikipoteza ya pili, uvimbe unaanza. Breki inaweza kuharibika kwa kutu au kwa kung'olewa. Fundi anayekagua kutu pekee atakurudishia gari na kukutakia safari njema.

Na ukubwa wa pengo nao una maana. Wenye pengo katika VHL kwa kawaida huwa na hatari ndogo ya uvimbe wa tezi ya juu ya figo kuliko wale waliogeukiwa na herufi moja. Pengo likimeza pia jeni ya jirani iitwayo BRK1, hatari ya saratani ya figo hupungua. Kwa hiyo pengo si kitu cha kusema tu lipo au halipo. Linapimwa, na kipimo chake humwambia daktari achunguze wapi.

Kosa la neno

Sasa nageukia nyumba yetu, yaani Kiswahili. Katika vitabu tunavyosomea, kila kasoro ya jeni huitwa "mabadiliko". Mwanafunzi hufundishwa kwa mfano wa herufi: A imekuwa G, mwisho wa somo. Mfano ni rahisi kuchora ubaoni, na mtihani huuliza huo huo kila mwaka. Matokeo yake ni kwamba tunamaliza shahada tukiamini jeni huharibika kwa kugeuka tu.

Lakini sikiliza neno lenyewe. Kinachobadilika kipo. Rangi ya ukuta hubadilika, bei ya mafuta ya mawese hubadilika, njia ya mto hubadilika. Ukuta ukibomoka husemi umebadilika. Mtu asiye na meno mawili ya mbele hatusemi meno yake yamebadilika. Tunasema ana pengo. Daktari wa meno akitafuta meno yaliyotoboka tu, mwenye pengo atatoka kwake na cheti kizuri kuliko sisi sote, kwa sababu jino lisilokuwepo halitoboki.

Basi kwa nini tusiseme "pengo la jeni"? Neno ni letu, halihitaji kukopwa, na bibi yangu anayeuza ndagala sokoni analielewa kabla hujamaliza kulitamka. Tuwe na "mabadiliko ya herufi" kwa kugeuka, na "pengo" kwa kupotea. Kama barua ile ningeitafsiri hivi: "Herufi zimesomwa na ziko sawa, lakini mapengo hayajatafutwa," shangazi yangu angeuliza mara moja, "Na yatatafutwa lini?" Swali hilo moja lingeokoa mwaka mzima.

Wahadhiri wangu watasema Kiingereza na Kifaransa nazo zina neno moja linalofunika yote mawili. Kweli. Lakini wenye lugha hizo wana mshauri wa masuala ya kurithi anayekaa na familia na kufafanua aya ya herufi ndogo. Sisi mshauri wetu ni mpwa aliye chuoni mwenye simu ya mkononi. Lugha ya watu wasio na mtaalamu karibu inapaswa kuwa wazi zaidi kuliko ya wenye naye.

"Hayo ni magonjwa ya Wazungu"

Hoja hii nimeisikia darasani, bwenini, na kwa wahudumu wa afya. Inasema kwamba orodha za familia zenye magonjwa haya zimejaa majina ya Ulaya na Amerika, kwa hiyo sisi hatunayo. Ni sawa na mvuvi anayetupa nyavu upande wa Kigoma peke yake, kisha anatangaza kwamba upande wa Rumonge hauna mukeke.

Kwanza, mapengo ya kurithi katika Afrika Mashariki yamegunduliwa zamani. Mwaka 1995 Richard Spritz na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Watanzania wenye ualbino, wakaonyesha kwamba sababu kuu ni pengo moja la herufi kama 2,700 katika jeni iliyokuwa ikiitwa P na sasa OCA2. Pengo hilo hilo linapatikana katika sehemu nyingi za Afrika, na asili yake ni Afrika. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamefuatilia kwa miaka pengo jingine la herufi kama 3,700 katika jeni za alfaglobini. Wakachapisha mwaka 2005 kwamba huwakinga watoto dhidi ya malaria kali. Hayo yote ni mapengo, yamerithiwa na watu wetu, na yamepimwa kwa PCR ya kawaida. Atakayeniambia kwamba DNA ya mwambao huu huchanika katika jeni za ngozi na za damu lakini huheshimu jeni za tezi, aniletee sababu ya kibiolojia.

Na tunajua gharama ya kutojua. Mwaka 2008 wauaji waliwinda watu wenye ualbino mashariki mwa Burundi, na mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia baadhi yao hatiani. Nyuma ya mauaji yale kulikuwa na biashara na ushirikina, lakini ushirikina ule ulijaza nafasi iliyoachwa wazi na maarifa. Mtu aliyekosa kipande kidogo cha jeni aligeuzwa mzimu. Vivyo hivyo, nyumba ambamo baba alikufa ghafla, kisha mwana, kisha binti aliyekuwa mjamzito, huitwa nyumba iliyorogwa. Sisemi kila nyumba ya namna hiyo ina pengo. Nasema mganga hufika kwanza kwa sababu hana mpinzani.

Pili, rejea yenyewe inayotumika kusoma jeni za dunia haitutoshi. Mwaka 2019 Rachel Sherman na wenzake walisoma DNA za watu 910 wenye asili ya Afrika, wakakuta herufi zipatazo milioni 296 ambazo hazimo katika jenomu ya rejea. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa ulichapisha uchunguzi wa Waafrika 426 kutoka makundi 50 ya lugha na utamaduni, ukaleta tofauti mpya zaidi ya milioni 3. Ukimlinganisha Mrundi na kitabu ambacho kurasa za watu wake hazimo, utajuaje kipi kimepotea kwake na kipi hakikuandikwa kwako? Hapo ndipo penye kazi ya kizazi chetu.

Tatu, mazoea ya maelezo rahisi hutufunga macho. Kuanzia miaka ya 1960 François Delange na wenzake kutoka Ubelgiji walichunguza rovu katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, wakaonyesha uhusiano wake na upungufu wa madini joto na ulaji wa mihogo. Kazi ile ilikuwa nzuri, na chumvi yenye madini joto imeokoa watoto wengi. Lakini tangu hapo, kila shingo iliyovimba katika ukanda huu hupelekwa kwenye chumvi. Mara nyingi ni sahihi. Pale ambapo baba, mwana na mjukuu wanavimba shingo huku chumvi ipo mezani, inapasa kuuliza swali jingine. Kadhalika mama mjamzito mwenye presha ya juu: mara nyingi ni kifafa cha mimba, na kinastahili kutibiwa hivyo. Lakini uvimbe wa tezi ya juu ya figo huweza kuvaa sura hiyo hiyo, na usipogunduliwa huweza kumuua yeye na mtoto. Swali la "nani mwingine nyumbani kwenu alikufa kwa presha akiwa kijana?" halihitaji umeme.

Wanaonipinga

Wa kwanza atasema: Muhuta ina malaria, ina kipindupindu, ina watu ambao nyumba zao zimemezwa na ziwa, wewe unaleta SDHB? Namheshimu huyu kuliko wote. Lakini angalia hesabu. Ugonjwa wa namna hii humpitia kila mtoto wa mwenye pengo kwa nafasi ya nusu. Bila kipimo, watoto wanane wa mama mmoja wote wanahitaji kuchunguzwa kila mwaka, maisha yao yote, na nauli ya kwenda Bujumbura kila safari. Kwa kipimo, wastani wa wanne huachiliwa kabisa, wao na vizazi vyao. Ni familia maskini inayoumizwa zaidi na uchunguzi usio wa lazima, na ni hiyo hiyo isiyoweza kumudu kuchelewa kwa mgonjwa halisi.

Tena kuna siri ambayo haisemwi. Pengo likishajulikana mipaka yake kwa mtu mmoja, ndugu zake hawahitaji tena mbinu ghali. PCR ndogo inayoruka juu ya mpaka wa pengo hutosha. Janga la Korona lilipofika, sampuli zilipimwa kwa PCR hapa hapa Bujumbura, katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma. Kwa hiyo anayesema PCR ni ndoto amechelewa.

Wa pili atasema: kujua kuna faida gani kama hakuna dawa? Hajui kazi ya tezi. Uvimbe wa tezi ya juu ya figo ukipatikana mapema hutolewa, na mgonjwa huandaliwa kwa dawa za presha kabla ya kisu. Bila maandalizi hayo anaweza kufia mezani. Jicho la mwenye VHL likichunguzwa tangu utotoni, uvimbe mdogo hutibiwa kabla haujachukua uoni. Uvimbe wa figo ulio chini ya sentimita 3 kwa kawaida hufuatiliwa bila haraka ya kukata. Na si kila mwenye pengo la SDHB atapata uvimbe. Wengi huzeeka salama, wakifuatiliwa. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa ya belzutifan kwa baadhi ya wagonjwa wa VHL. Bei yake siifikirii hapa. Nafikiria kifaa cha kupimia presha, kipimo cha kalsiamu katika damu, na mtu anayejua kwa nini anavitumia.

Wa tatu ananipa shida zaidi. Anasema: katika nchi hii, mazungumzo ya damu na nasaba yameua. Wakoloni wa Kibelgiji walipima pua na vimo, wakatuandikia makabila kana kwamba ni spishi. Leo wewe unataka maabara ianze kuandika nani ana nini katika damu yake? Sitamdhihaki mtu huyu, maana historia iko upande wake. Jibu langu ni kwamba pengo la jeni hufuata familia. Halifuati kabila wala halina chama. Lakini jibu hilo halitoshi bila sheria: sampuli isichukuliwe bila ridhaa iliyotolewa kwa lugha anayoielewa mtu, kabila lisiandikwe katika faili, majibu yawe ya mwenyewe, na damu isisafirishwe nje kisha ikawa mali ya wengine. Hofu hii itufanye tuandike kanuni kali. Ikitufanya tufumbe macho, basi tumewaachia wale wapima pua neno la mwisho juu ya miili yetu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ninachodai

Kwa wahadhiri wa biolojia na tiba: fundisheni kuhesabu pamoja na kusoma. Somo moja la saa mbili linatosha kumfanya mwanafunzi asiwahi tena kusema "jeni ni safi" bila kuuliza "imepimwa kwa njia gani?" Wekeni swali hilo katika mtihani, maana tunajua kisichotahiniwa hakisomwi.

Kwa wahadhiri na wanafunzi wenzangu wa Kiswahili: tusiseme haya ni ya kitivo kingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Tume ya Utafiti wa Afya yenye makao hapa Bujumbura, na ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Zikae pamoja zitoe msamiati wa majibu ya jenetiki na sentensi za mfano kwa daktari na muuguzi. Wakati zinasubiriwa, sisi tuanze na insha, kamusi ndogo, na barua zilizotafsiriwa vizuri.

Kwa wanaopanga afya ya kanda: mgonjwa wa Muhuta hahitaji maabara ya MLPA juu ya mlima wa Gitaza. Anahitaji muuguzi anayechora ukoo wa vizazi vitatu, anayepima presha kwa vijana, na anayejua sampuli iende wapi. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1967, imeteuliwa kuwa kituo cha ubora cha kanda. Maabara moja ya kuhesabu jeni kwa nchi zote za Jumuiya ingetosha kuanzia, mradi barabara ya sampuli iwe wazi na majibu yarudi kijijini.

Na kwa yeyote atakayetafsiri barua kama ile: usiruke aya ya mwisho. Kama huna neno, piga simu, uliza, au andika wazi kwamba kuna jambo hapa sijalielewa. Mimi sikuandika hivyo kwa kuogopa kuonekana sijui.

Mwezi uliopita nilikwenda Gitaza. Nilimsomea shangazi barua zote mbili upya, aya kwa aya, pamoja na ile niliyoiruka. Aliuliza kwanza kuhusu binti yake mdogo, mwenye mimba ya miezi mitano, ambaye kliniki ilishamwambia presha yake iko juu. Tuliandika kwenye karatasi kile atakachomwambia mkunga na daktari: dada yake ana pengo katika jeni ya SDHB na alitolewa uvimbe wa tezi ya juu ya figo, yeye mwenyewe bado hajapimwa. Karatasi hiyo aliibeba asubuhi yake kwenda Bujumbura. Sijui majibu yatasema nini. Safari hii, angalau, swali liliulizwa zima.